Boti Iliyokuja na Ziwa Lake

Kila alipotoka baharini, Mzee Ziwa aliiosha boti kabla ya kuosha miguu yake. Aliipandisha kwenye trela, akaivuta hadi uani kwa mkwewe, akachomeka mpira wa maji kutoka pipa la mvua kwenye injini na kuiacha ingurume taratibu huku maji yakipita ndani na kutokea upande wa pili. Kisha alisuuza bolti, bawaba, magurudumu ya trela na kila tundu lililoweza kuficha chumvi.

"Chumvi haina shemeji, baba," mkwe alikuwa amemwambia siku ya kwanza. "Ukiilaza boti nayo usiku mmoja, asubuhi imeshapata kifungua kinywa."

Mkwe alikuwa mchomeleaji, na sehemu kubwa ya riziki yake ilitokana na vitu vilivyotafunwa na chumvi: mageti, mapipa, madirisha ya watu waliojenga karibu mno na ufuo. Ndiye aliyefunga vipande vya zinki chini ya injini, ili chumvi ikitaka kula ianze na hivyo. Alimpenda baba mkwe wake na aliihurumia boti.

Haikuwa boti ya bahari, hata mtoto angeona. Ilikuwa pana na bapa, ubavu wake haukumfikia mtu magotini, na sakafu yake ilivikwa zulia la kijivu kama sebule. Mbele palisimama kiti cha kuzunguka juu ya nguzo, na aliyekikalia alionekana kama mteja anayemsubiri kinyozi. Tumboni mlikuwa na tangi la kuwekea samaki wakiwa hai, na puani mota ndogo ya umeme ya kuwanyatia bila kelele. Iliundwa kwa maji yasiyojua mawimbi. Wavuvi wa ghubani waliiita Sahani, na mwenyewe wakamwita Mzee Ziwa. Aliitika, kwa kuwa ndiko alikotoka.

Huko ziwani alikuwa ameiendesha miaka mingi, akiwapeleka watu wa klabu moja kutupa ndoano kwa kujifurahisha. Kisha kampuni ya maji ikapewa ziwa. Ililaza mabomba makubwa hadi mjini pwani, na ziwa likaanza kurudi nyuma, pole pole, kama mtu anayetoka mkutanoni bila kuaga. Klabu ilifungwa na kumwachia boti kama kiinua mgongo. Wanawake waliokuwa wakichota maji mlangoni wakawa wanayafuata mbali, juu ya tope lililokuwa zamani sakafu ya ziwa. Mkewe alizama humo akiwa na ndoo kichwani. Watu walipofika na mbao, alikuwa ameshakata roho. Kampuni ilituma rambirambi, ikaongeza kwamba tope lile lilikuwa eneo lake na marehemu hakuwa na ruhusa ya kupita.

Baada ya maziko Mzee Ziwa aliifunga boti nyuma ya lori akahamia kwa binti yake, fundi cherehani, ambaye nyumba yake ilikuwa na bomba jikoni.

Bahari aliijifunza kwa adabu, kama mtu mzima anayejifunza kusoma. Alivua ndani ya ghuba tu, kwenye maji mafupi kando ya mikoko, asubuhi upepo ukiwa haujaamka. Aliangalia maji kupwa na kujaa, akajua fungu gani la mchanga lingemkwamisha na saa gani. Upande wa nje, kwenye mlango wa mwamba ambako mawimbi yaliingia yakiwa bado na hasira za safari, hakwenda. Samaki aliwapata. Mota ile ndogo ilimsogeza karibu nao kama mtu aliyevua viatu, na wavuvi wengine wakapunguza kucheka.

Mambo yalianzia kwenye zinki. Mkwe aliinama chini ya injini kuona vile vipande vimeliwa kiasi gani, akakuta viko vilevile. Aliangalia bolti, zinang'aa. Akalamba ubavu wa boti mahali pawili, kama mpishi anayeonja mchuzi.

"Baba," alisema, "hii haijawahi kufika baharini."

"Inatoka huko sasa hivi."

"Basi huwa inakwenda na maji yake."

Kesho yake Mzee Ziwa alipofika katikati ya ghuba alizamisha kiganja akaonja. Yalikuwa matamu. Alitupa kikombe mbali kwa kamba, akakivuta na kuonja tena: chumvi. Pande zote za boti, kwa upana wa chumba cha kulala hivi, palikuwa na maji ya ziwa, na boti iliposogea yalisogea nayo, kama kuku na vifaranga. Ilimwelea kwa nini wiki ile alikuwa akivua samaki wawili wa baharini kwa mmoja wa ziwani, wale wenye midomo mipana, ambao binti yake aliwakaanga bila kuuliza.

Aliinama kunawa uso, na ndipo alipouona ufuo. Ulikuwa ndani ya maji, kichwa chini miguu juu, kama vivuli vinavyolala majini palipo na utulivu: matete, jiwe la kufulia, ukuta wa nyumba yake wenye ufa alioahidi kuuziba. Ulikuwa upande wa kutokea kwenda bahari kuu. Mkewe alishuka kwenye jiwe na ndoo, akachota, na kiwimbi kidogo kikaigonga boti.

"Unavua?" mkewe aliuliza.

"Navua."

"Haya." Akapandisha nyumbani.

Mzee Ziwa alikaa kwenye kile kiti mpaka jua likawa kali, kisha akarudi na kumweleza binti yake jinsi mambo yalivyo. Binti alikata uzi kwa meno.

"Amevaa nini?"

"Lile gauni la maua ulilomshonea."

"Lilikuwa linambana mabegani," binti alisema. "Nilimwambia alilete nilifungue, akasema mwakani."

Tangu hapo alienda na baba yake kila alipokuwa hana kazi ya haraka. Alikaa kwenye zulia, miguu ameikunja, na mama yake alipokuja kuchota waliulizana habari za nyumbani.

Wavuvi walijua. Kitu kama hicho hakifichiki ghubani, ambako hata mtu akibadilisha ndoano inazungumzwa. Wakaanza kupitia kwenye Sahani kujaza madumu yao ya kunywa, wakiacha samaki mmoja mmoja kwa heshima. Hakuna aliyeona ajabu zaidi ya kusema kwamba wengine huhama na makochi.

Afisa wa kampuni alikuja siku boti ikiwa gatini. Alikuwa kijana mpole, amevaa buti za mpira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Alichota maji kwa kikombe cha kioo, akayaangalia kwenye mwanga, akayanywa, akafunga macho.

"Haya ni ya kwetu," alisema.

Alieleza bila kupandisha sauti. Ziwa lote lilikuwa la kampuni, na mkataba haukusema lazima liwe wapi. Maji ya ziwa yaliyokutwa nje ya bomba yanahesabika yamevuja, na yaliyovuja hurudishwa. Mzee hakuwa na kosa lolote, na angeendelea kuvua kama kawaida. Ila kila alasiri aifunge boti gatini ili pampu iyavute maji yale. Asipofanya hivyo boti ingechukuliwa, jambo ambalo yeye binafsi lingemsikitisha.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mkwe alisema.

"Tunayo mashine," afisa akajibu.

Mzee Ziwa alimwambia kuhusu mkewe, aliyekuwa akichota mle. Afisa alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama marehemu aliwahi kupata ruhusa.

Pampu ilianza kazi. Mtaani, mabomba yaliyokuwa yakikohoa upepo siku nzima yakaanza kutoa maji asubuhi na jioni, na majirani waliwapitia wakiwashukuru. Mama mmoja aliyekuwa na mapacha alimshika Mzee Ziwa mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa na haki ya kufurahi. Binti naye alifungua bomba jikoni siku moja, maji yakaja kwa nguvu. Aliyatazama, akalifunga, akasimama. Kisha akalifungua tena, maana vyombo vilikuwa vichafu na mume wake alikuwa na njaa.

Kila asubuhi maji matamu yalikuwa yamerejea kuizunguka boti, lakini pungufu ya jana. Na ufuo ulikuwa umesogea. Jiwe la kufulia lilibaki juu, kavu. Mkewe Mzee Ziwa alilipita, akatembea hatua chache kwenye tope ndipo akayapata maji. Siku zilizofuata alitembea zaidi, akinyanyua gauni. Mzee alijaribu kumsogelea: aliwasha mota ndogo na kuelekea upande ule wa ufuo, na kweli umbali ulipungua. Lakini upande ule ulikuwa wa bahari kuu, na kila siku alilazimika kwenda mbele zaidi ili mkewe asitembee sana. Hatimaye asubuhi moja alifika mlango wa mwamba akasimama, na mkewe alikuwa bado kule nje, mdogo kama kidole, akivuta mguu mmoja baada ya mwingine.

Jioni ile alimwomba mkwe betri ya pili, na pampu kubwa ya kutoa maji botini.

"Baba, hiyo boti ni ya kuvulia kwenye beseni," mkwe alisema. "Pale nje wimbi halipiti chini yake. Linaingia, linakaa kwenye kiti."

"Najua."

"Basi kama unajua, kaa."

"Tope limemfika magotini," mzee alisema.

Mkwe aliweka kikombe chini. Alifunga betri, akafunga pampu, akaongeza pembeni mabomba ya kushikia, akachomelea mpaka giza likaingia. Alipomaliza alimwambia mkewe, "Wewe usiende." Binti akamwambia, "Ni mama yangu," naye mkwe akaenda kutafuta makoti ya kuokolea maisha, akamvalisha mwenyewe na kukaza mikanda.

Walitoka kulipopambazuka. Kwenye mlango wa mwamba wimbi la kwanza liliinua pua ya boti hadi wakaona mawingu tu, kisha likaiangusha kwa kishindo kilichomfanya binti ang'ate ulimi. La pili liliingia. Lilikuwa la chumvi lilipokuwa likija, na lilipotua juu ya zulia lilikuwa tamu, lakini uzito wake haukubadilika. Pampu ililia. Mzee Ziwa alisimama kwenye usukani, akiielekeza pua kwenye kila wimbi, injini ikiguna. Yalikuwa mambo ambayo boti haikufundishwa, wala yeye.

Nje ya mwamba walimkuta. Tope lilimfika mapajani na alikuwa amesimama, kwa kuwa hakuweza tena kusonga. Ndoo ilikuwa bado kichwani.

"Mama, usije!" binti alipiga kelele. "Simama hapohapo, tunakuja sisi!"

"Nimesimama," mama yake alisema.

Mzee Ziwa alizima injini kubwa, akaiachia mota ndogo iwasogeze, kidogo, kidogo, kama alivyokuwa akiwanyatia samaki. Binti alilala kifudifudi, akaingiza mikono yote miwili majini hadi mabegani. Akaipokea ndoo. Akachota maji ikajaa, akampa mama yake, na vidole vyao vikagusana kwenye mpini. Mama hakuiachilia mara moja. Aliugeuza mkono wa binti yake akautazama.

"Mikono imelainika," alisema. "Siku hizi unachota wapi?"

"Bombani, mama."

"Mbali?"

Wimbi liliinyanyua boti, likaishusha.

"Liko jikoni."

"Jikoni," mama yake alisema. Alifikiri kidogo. "Basi vizuri." Akajitwisha ndoo, akaung'oa mguu mmoja kutoka topeni, kisha wa pili, akageuka kurudi. Mumewe aliishikilia boti mahali pale, akipambana na mkondo, mpaka alipomwona amelifikia jiwe la kufulia. Kisha akawasha injini.

Walifika gatini mchana, nguo zimewagandia, binti akitema damu kidogo. Mkwe alikuwa amesimama pale tangu asubuhi. Alimfungua mkewe mikanda ya lile koti, mmoja mmoja. Afisa naye alikuwepo na pampu yake. Aliidaka kamba, akaifunga vizuri kuliko siku zote, maana alikuwa ameshajifunza, akauliza bahari ilikuwaje.

"Ya kwenda na kurudi," mzee alisema.

Pampu ikawashwa. Mzee Ziwa na binti yake walikaa ukingoni mwa gati, wakayatazama maji yakipungua kuizunguka boti mpaka kazi ikaisha. Kesho yake ufuo ulikuwa umekwenda mbele tena, umbali wa kutupa jiwe. Wakaongeza mafuta, wakatoka mapema zaidi.