Chungu cha Mke wa Jeremia

Jumamosi ya kwanza ya Agosti 2006, saa tatu na nusu asubuhi, Cecilia alitoa kilo moja ya nyama ya ng'ombe kwenye friza, akaiacha juu ya meza ya jikoni ilegee nusu tu. Nyama iliyoganda nusu hukatika vizuri. Aliikata vipande vyembamba, akikingamisha kisu na nyuzi za nyama, akaigaragaza kwenye konflawa na kuipanga chini ya chungu cha umeme. Katika bakuli alichanganya sosi ya soya, sukari ya kahawia, tangawizi iliyokwanguliwa, punje sita za kitunguu saumu na kikombe cha supu. Alimimina mchanganyiko huo juu ya nyama na kufunika. Saa nne kamili aligeuza kitufe kwenye moto mdogo, akaenda kufagia vumbi la machimbo ambalo upepo wa Agosti huliingiza hadi chini ya vitanda vya Turffontein, mtaa wa Johannesburg.

Kwa moto mdogo, nyama hiyo huchukua saa nane. Mumewe Jeremia, aliyefariki Machi ya mwaka uliotangulia, naye alichukua saa nane.

Kila alipopika, saa sita mchana kikohozi chake kilisikika kwenye korido, pamoja na harufu ya kiwi ya viatu. Saa nane chini ya meza kulikuwa na viatu, na ndani ya viatu miguu. Saa kumi alikuwa amefika kifuani, ameketi kwenye kiti chake, mikono juu ya kitambaa cha meza. Kichwa kilikuja mwisho. Saa kumi na mbili, brokoli ikishatiwa na wali ukishapakuliwa, alikuwa amekamilika, naye alisema, "Ceci, habari za kutwa?" Alikula sahani mbili na kunywa chai. Chungu kikishaoshwa, hakuwepo tena.

Ilianza kwa sababu ya chakula alichokiacha. Jeremia alifia katika duka la Wachina la chakula cha kubeba, karibu na uwanja wa mbio za farasi, siku ya Ijumaa, akiwa amesimama kusubiri nyama yake na namba arobaini na moja mkononi. Namba iliitwa mara tatu. Mwenye duka, mama wa makamo aliyekuwa akimwona kila Ijumaa kwa miaka tisa, alimfunika kwa aproni yake. Jioni alituma kile chakula nyumbani, kwa kuwa kilikuwa kimeshalipiwa.

Cecilia hakuweza kukila wala kukitupa. Wiki ya sita alikwenda dukani kuuliza kinavyopikwa. Yule mama alimwambia kwamba wao hukaanga kwa moto mkali dakika tano, ila kwa mfiwa ni heri chungu cha polepole, kwa kuwa hakihitaji kusimamiwa. Cecilia alikuwa nacho kabatini, zawadi ambayo Jeremia alipewa kazini na hawakuwahi kuitumia. Alipika siku iliyofuata. Saa kumi na mbili alipoleta sahani mezani aliona kwamba inahitajika ya pili, akarudi kuichukua.

Tangu hapo alijifunza taratibu zake. Kufungua mfuniko kulimchelewesha Jeremia nusu saa. Siku aliyokuwa na haraka akatumia moto mkubwa, Jeremia alifika saa nane mchana akiwa mgumu, hawezi kukunja magoti, akala amesimama karibu na friji na kujibu kwa mkato. Umeme ulipokatika mtaa mzima mwezi Juni, aliishia mabegani, akasubiri hivyo hadi uliporudi.

Walikutana Morogoro, kabla ya kurudi kwa wakimbizi wa siasa, wakati Jeremia alipokuwa fundi seremala katika kambi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini na Cecilia karani wa stoo. Walifunga ndoa mwaka 1986 mbele ya mkuu wa wilaya, na cheti kilikuwa na muhuri wa Bibi na Bwana, ngao ya taifa. Mwaka 1994 walikuja Johannesburg pamoja. Kwenye uwanja wa ndege alikuwepo mwanamke mrefu mwenye maua. Huyo alikuwa Lerato wa mtaa wa Alexandra, aliyelipiwa mahari na ukoo wa Jeremia mwaka mmoja kabla Jeremia hajavuka mpaka. Alikuwa amemsubiri miaka kumi na minane. Cecilia alimwuliza mumewe kwa Kiswahili, na Lerato akamwuliza kwa Kizulu, huyu ni nani. Jeremia alisema, kwa kila lugha kwa zamu, kwamba walikuwa mbele za watu.

Baada ya hapo aliishi Turffontein na Cecilia, na Jumapili alikwenda Alexandra kumwona kaka yake.

Jambo lililoleta shida lilitokea msibani. Desturi ya pale ni kutoa vyombo vyote chumbani, kulaza godoro sakafuni, na mjane hukaa juu ya godoro hilo, amejifunika blanketi, mpaka siku ya kuzika. Shangazi za Jeremia walimkalisha Cecilia. Hawakumweleza maana yake, kwa kuwa hakuna mtu mzima asiyeijua. Siku ya pili Lerato aliingia. Alikuwa mkubwa kwa Cecilia kwa miaka kumi, na kwenye mikeka hapakuwa na nafasi. Kwa Cecilia, aliyelelewa Matombo kwao Morogoro, kukaa juu ya kitu laini huku mkubwa wake amesimama ni utovu wa adabu ambao hata kilio hakiusamehe. Aliinuka, akakung'uta blanketi, akasema, "Karibu dada, keti hapa."

Shangazi walitazamana. Lerato alilitazama godoro, kisha akaketi. Cecilia alikwenda jikoni kuandaa chai, na huko ndiko alikobaki hadi mazishi. Nguo nyeusi za mwaka mzima, ambazo mjane huvishwa na wakwe, alivishwa Lerato. Cecilia alijishonea zake.

Alhamisi kabla ya Jumamosi hiyo ya Agosti, Sipho, kaka mkubwa wa Jeremia, alikuja kutoka Alexandra na karatasi mfukoni. Zamani alikuwa akimwita Cecilia makoti, kama mke aliyeolewa katika nyumba yao anavyoitwa. Tangu msiba alimwita sisi, yaani dada, kama anavyoitwa mwanamke yeyote anayeuza nyanya.

"Fundi wa mawe anataka maneno ya kaburi Jumatatu," alisema. "Tumeandika 'Mume wa Lerato'. Nimeona heri uyasikie kwangu."

"Na mimi?"

"Eish, sisi. Ulimpisha mwenyewe. Ukoo mzima uliona."

"Nilimpa nafasi mtu mzima. Kwetu ndivyo tulivyofunzwa."

"Kwenu, ndiyo," alisema Sipho, bila ubaya.

Cecilia alimmiminia chai. "Muulizeni Jeremia mwenyewe basi. Mje naye Lerato. Jumamosi atakuwepo saa kumi na mbili."

Sipho alifikiri. "Jumamosi kuna mpira saa tisa. Ukiisha tutakuja. Sharp."

Cecilia hakuwa amemwuliza Jeremia swali hilo hata mara moja. Alitaka jibu aliseme mbele yao, kwa kinywa chake, kisha liandikwe kwenye jiwe, ili yeyote atakayepita pale miaka hamsini ijayo ajue kwamba alikuwa mkewe. Hakutaka kingine. Kwa hiyo Jumamosi hiyo alichagua nyama ya bega yenye mafuta kiasi, akafunga mfuniko kwa kanga, na akaamua kuiacha dakika kumi zaidi ya kawaida.

Saa kumi alasiri Murielle, mpangaji wa chumba cha uani, alirudi kutoka saluni yake ya Yeoville na kuingia jikoni bila kubisha.

"Mama Ceci, hii nyama inanukia mupaka kwa barabara."

"Usiguse mfuniko."

"Sigusi. Niko naangalia tu." Aligeukia mezani. "Jambo, Jeremia." Kifua kilipanda na kushuka. "Iko na shati muzuri leo."

"Ni lile la harusi."

"Na atasema?"

"Atasema. Nimempa moto mdogo kabisa. Nataka ulimi uive vizuri."

"Ulimi ya mwanaume haina shida ya kuiva, mama. Ile ya bwana yangu kule Bukavu ilikuwa imeiva sana, asali kabisa. Siku ya kesi ikasema hainijue." Alichukua kipande cha tangawizi na kukitafuna. "Lakini we pika."

Sipho na Lerato walifika saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Lerato alifuta viatu mlangoni kwa muda mrefu, akamkabidhi Cecilia bakuli la saladi ya bitiruti. Aliketi kwenye kiti cha mbali zaidi. Walimsubiri Jeremia kama watu wanavyomsubiri mtu anayevaa. Saa kumi na mbili na dakika kumi kichwa kilifika, kuanzia kidevu.

"Ceci, habari za kutwa?" alisema. Kisha akawasalimia wageni kwa Kizulu na kumwuliza Sipho matokeo ya mpira.

Cecilia hakuwahi kumwona ametoka vizuri namna hiyo. Vidole vilikunjika, shingo iligeuka, macho yalikuwa na maji. Aliisifu nyama, akaisifu na bitiruti. Alisimulia habari za kamanda wao wa Morogoro aliyeogopa mbuzi, ambaye siku moja alilindwa na askari wawili wenye bunduki ili aende chooni, kwa kuwa beberu wa jirani alikuwa amelala njiani. Sipho alicheka hadi akakohoa. Lerato, ambaye hakuwa amewahi kuisikia hadithi hiyo, alicheka kwa kuziba mdomo. Ulimi ulikuwa laini. Uliweza kusema chochote.

Sipho alijifuta mikono na kutoa karatasi.

"Jeremia, kuhusu jiwe," alisema. "Fundi anasubiri. Tuandike mume wa nani?"

Jeremia alisogeza brokoli kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine.

"Mmekula wote?" aliuliza.

"Tumekula."

"Nyinyi mnajuana. Andikeni mtakavyoona inafaa. Sipendi watu wagombane kwa ajili yangu."

"Hakuna anayegombana," alisema Cecilia. "Tunakuuliza."

"Ceci." Alisema kwa upole, kwa sauti ileile iliyomfanya akubali kuacha nchi yake. "Tuko mezani."

Ndipo Lerato akaweka uma chini. "Mimi pia nakuuliza," alisema. "Ungesema tu. Hata kama si mimi. Ningekwenda nyumbani nikalale."

Jeremia aliwatazama wote wawili kwa mapenzi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliona kwamba mapenzi hayo yalikuwa ya kweli. "Nimewasikia," alisema. Kisha akaomba wali.

Cecilia alikitazama chungu. Hakikuwa kimefunguliwa kabla ya wakati, umeme haukuwa umekatika, nyama ilikuwa inaachana yenyewe. Alimpakulia wali.

"Basi amesema tuandike tunavyoona," alisema Sipho, akaikunja karatasi na kuirudisha mfukoni.

Kwenye geti, Cecilia alimrudishia Lerato bakuli lake, limeoshwa. Lerato alilishika bila kuondoka.

"Siku ile ulipoinuka," alisema, "nilijua hujui. Ningeweza kukuambia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nimesimama miaka kumi na minane."

Sipho alipiga honi. Lerato aliingia kwenye gari.

Jiwe lilizinduliwa mwezi Septemba, Jumamosi, mbele ya watu wasiopungua mia. Kwa kuwa ukoo wote ulikuwa umeshasikia habari ya nyama ya Cecilia, aliombwa aandae kitoweo cha wageni. Aliazima masufuria makubwa kanisani na kuanza tangu Ijumaa. Nyumbani, saa nne asubuhi, kabla gari la wakwe halijamchukua, aliwasha chungu cha umeme kwenye moto mdogo.

Makaburini shangazi mkubwa alivuta shuka. Jiwe lilikuwa jeusi, limeng'arishwa hadi watu walijiona ndani yake. Murielle, aliyekuwa amembebea Cecilia sahani, aliyasoma maneno kwa sauti ya chini, silabi kwa silabi, hadi mwisho, akarudi mwanzo na kuyasoma tena.

"Haupo," alisema.

"Nimeona."

Watu walikula na kusema hawajawahi kuonja nyama kama ile. Mmoja wa shangazi aliuliza huyu mpishi ametolewa wapi, na mwingine akamjibu kwamba ni mwanamke fulani wa Tanzania aliyeishi na Jeremia. Cecilia alikusanya sahani. Saa kumi na moja aliomba aondoke mapema, na walimruhusu, kwa kuwa walijua kwamba muda huo Jeremia angekuwa amefika shingoni na hapakuwa na mtu wa kutia brokoli.

Alipoweka wali mezani Jeremia alikuwa tayari amekamilika.

"Ceci, habari za kutwa? Jiwe likoje?"

"Zuri. Jeusi."

"Jina lako limo?"

"Halimo."

Jeremia alitikisa kichwa polepole, kwa masikitiko ya kweli, kama mtu aliyesikia msiba wa jirani. "Hawakufanya vizuri," alisema. "Walipaswa kukuandika."

Alikula, akamaliza, kisha akaisogeza sahani mbele kidogo. Nyama ilikuwa imebaki. Cecilia alichukua upawa, akampakulia tena.