Matanga ya Omu Nane

Fondo wa Kinango, mpiga disko la matangani, ameniletea ampu mpya ya kukuza sauti, maana ya tatu nayo imeungua. Nimechoka kumwambia kwamba ampu hizi hazivumilii ukinzani wa chini ya omu nne. Spika zake mbili ni za omu nne kila moja. Mimi huziunga kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, zikawa nane. Yeye akifika matangani huziunga upya, sambamba, kila moja peke yake kwenye ampu, zikawa mbili, ili mdundo uzidi.

"Safari hii niungie sambamba wewe mwenyewe, fundi. Ni matanga ya mama."

Nikampa pole, nikamuuliza kama marehemu alipenda mdundo.

"Aa. Alikuwa akinigombeza kila siku, akisema namkosesha usingizi."

Nikaziunga kwa mfululizo.

"Basi leo mwache alale."