Boriti Iliyozuia Lori la Zima Moto

Uvumi ulianza sokoni Mikinduri, kwa wauza ndizi, ukamfuata Regina hadi nyumbani: lori jipya la zima moto halibebi maji. Ni rangi tu na king'ora. Ile Land Rover kuukuu ya zima moto iliyokuwa ikihudumia upande wao, ndogo, yenye kelele, lakini inayopenya popote, ilikuwa imepelekwa Timau, na mahali pake wameletewa pambo. Regina alijaribu kulipuuza neno hilo, likakataa kutoka. Akifua, analiwaza. Akisali, linamkatiza. Mwishowe akamwambia bintiye Nkirote, aliyekuwa akishona nguo katika chumba cha mbao nyuma ya nyumba, "Mwari, moto ukitokea hapa, jitegemee. Lile lori ni bure."

"Umeliona, mama?"

"Wote wanasema."

Baadaye lori lenyewe likaja, jekundu, refu kwenda juu kama kanisa. Lilikuwa likizunguka kujua ni njia zipi linaweza kuingia. Likasimama kwenye mlango wa kichochoro chao, mbele ya boriti. Hilo lilikuwa gogo la mgrevilea lililolazwa juu ya nguzo mbili, likakingama njia. Akina mama wa hapo, Regina akiwa mwenyekiti wa chama chao, ndio walioliweka ili wezi wa miraa wasiingie na malori. Land Rover ilikuwa ikipita chini yake bila shida.

Dereva, Mutugi, akashuka, akamsalimu kwa heshima Regina, aliyekuwa amesimama hapo na wenzake. "Mama, tunaomba hii mti muiinue, ama muiweke bawaba iwe inafunguka. Hii gari yetu ni ndefu."

"Ndefu ya nini, na haina maji?"

Akina mama wakacheka.

"Nikufungulie mfereji uone?"

"Wafungulie waliokununulia. Sisi hapa tuna miraa ya kulinda."

Mmoja akaongeza, "Mkitaka kuingia, toeni hewa kwa magurudumu." Kicheko kikazidi. Mutugi akatabasamu kidogo, akarudisha lori nyuma polepole. Regina akaenda zake akijiona amesema vizuri.

Moto ulitokea mchana, wakati wa kiangazi. Nkirote aliacha pasi ya makaa juu ya vitambaa, akatoka kuongea na mteja. Chumba kikashika moto. Jirani yao Kagure akatoa simu awaite zima moto. Regina akamwambia asipoteze kredo ya simu, lakini Kagure akapiga hata hivyo. Lori likaja haraka kuliko vile yeyote alivyotarajia. King'ora kikasikika kikikaribia, kikafika kwenye boriti, kikabaki papo hapo. Mpira wa maji ukavutwa, haukufika. Watu wakakimbilia shoka.

Ni wakati huo Nkirote alipoingia ndani kuokoa cherehani. King'ora alikisikia. Lakini angengojea nini, na mamake alikuwa amemwambia ajitegemee?

Alitoka bila cherehani, mikono imeungua.

Gogo lilipoanguka, lori likaingia, na maji yakatoka. Yalikuwa mengi hata yakatiririka kichochoro kizima, yakalowesha viatu vya Regina. Alisimama ndani yake akitazama. Mutugi alimpita akikunja mpira.

Siku hizi vidole vya Nkirote havikunjiki, sindano haishikiki. Regina ndiye humfunga vifungo vya sweta asubuhi. Binti huyo hajawahi kumlaumu mamake. Alisema mara moja tu, akiangalia nje: "Yalikuwa mengi, yale maji."

Kwa hivyo kila mara chama kikikutana, Regina husimama kabla ya chai na kuwaambia akina mama maneno yale yale, na hakuna anayemcheka:

Usiweke gogo juu ya njia kama halifunguki.

Usidhani kwamba palipopita gari la zamani, jipya nalo litapita.

Usimfukuze dereva aliyekuja kuangalia njia.

Usiache pasi ya makaa juu ya kitambaa, hata kama ni kwenda kusalimia mtu.

Usirudi ndani ya moto kwa ajili ya kitu kinachouzwa dukani.

Usimbebee mtoto wako maneno ya sokoni kabla hujajionea.