Mjumbe Mmoja Hakuketi

1.

Kila siku ya kazi, saa moja na nusu, kabla Mzee Haule hajafika, nafungua dirisha la masjala, nawasha birika, napangusa meza mbili. Yake kwanza, halafu yangu. Masjala ni chumba cha majalada ya halmashauri nzima. Kina baridi na harufu ya karatasi iliyolala muda mrefu. Maji yakianza kuimba natoa simu na kuitazama makala yangu kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni. Siibadilishi. Naitazama tu, kama mtu anavyochungulia mtoto aliyelala. Aya nne. Juu yake jina, kwa herufi nzito: Leokadia Mtweve.

Jumatatu ile, juu ya jina, palikuwa na kisanduku chekundu.

Birika lilichemka likamwagika na mimi bado


2.

TANGAZO
Makala hii imependekezwa kufutwa.
Sababu: Mhusika alikuwa diwani. Hakuna chanzo huru kinachoonyesha umuhimu wake nje ya eneo lake.
Majadiliano yatadumu siku saba. Tafadhali usiondoe tangazo hili.
Aliyependekeza: Mwalimu Shekue, msimamizi.


3.

Makala yenyewe, kwa ufupi, ili na wewe unayesoma uwe shahidi:

Leokadia Mtweve ni mwanasiasa mstaafu. Alikuwa diwani wa viti maalum kwa kipindi kimoja. Anajulikana [na nani?] kwa kupigania nyumba ya kusubiria wajawazito katika Kituo cha Afya Ihangala [chanzo?]. Kabla ya nyumba hiyo, wajawazito wa vijiji vya juu walibebwa kwa machela kilomita arobaini na moja [chanzo?]. Inasemekana aliwahi kusimama kikao kizima cha baraza la madiwani [nani anasema?].

Hayo ya mabano si yangu. Yamepachikwa Jumatatu.


4.

Ukurasa wa majadiliano. Siku ya kwanza.

FUTA. Nchi ina kata karibu elfu nne. Kila kata na diwani wake, kila miaka mitano. Tukianza na huyu, tutaishia wapi? – Mwalimu Shekue

FUTA. Diwani wa kwetu akiingia humu mimi nahama mtandao. – Mtu wa Mbuyuni

BAKI. Mama wa watu ana kosa gani? – mchangiaji asiye na jina

MAONI. Mchangiaji asiye na jina, «mama wa watu» si kigezo. – Mwalimu Shekue

MAONI. Ukungu, wewe ndiye uliyeanzisha makala. Tunakusubiri. Kanuni inanitaka nikuulize pia: je, una uhusiano wowote na mhusika? – Mwalimu Shekue


5.

Ukungu ni mimi. Jina langu la nje ni Eufrasia Mgimba, msaidizi wa kumbukumbu, miaka ishirini na mitano. Nimeandika jibu mara sita. Nimelifuta mara sita.

Hapana, sina uhusi

Ndiyo, ila si ule wa

Mimi ni mtu ambaye kwenye harusi mshereheshaji akianza kuzunguka na kipaza sauti, nakwenda kuosha mikono. Hiyo mikono imeshaoshwa sana.


6.

Chanzo cha kwanza nilichokifuata kipo ukutani mwa nyumba yenyewe, Ihangala, kimepakwa chokaa mara nyingi lakini kinasomeka.

NYUMBA HII
ILIFUNGULIWA RASMI
NA MHESHIMIWA
MKUU WA WILAYA

Jina lake lipo, limechongwa kwa kina. Alikaa dakika kumi na tano, akakata utepe, akapewa mbuzi. Jiwe la msingi ni chanzo huru. Limeandikwa, halina upendeleo, na limesimama mahali pa wazi.

Leokadia Mtweve halimjui.


7.

Mzee Haule, mkuu wangu wa masjala, anastaafu mwakani. Ijumaa hiyo alinikuta nimekaa sakafuni katikati ya mihtasari ya vikao.

«We binti, unatafuta nini huko? Huko kuna panya wenye cheo kuliko wewe.»

«Kikao cha Agosti, Mzee. Mwaka ule wa nyumba ya wajawazito.»

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. Kisha akasema, na ninamwacha aseme mwenyewe:

Niliandika mimi. Nilikuwa kijana, katibu wa kuchukua muhtasari, suti ya kuazima. Ajenda zilikuwa kumi na moja, na hoja ya yule mama haikuwemo hata moja. Mwenyekiti akasema tuketi. Tukaketi. Yeye akabaki amesimama. «Mheshimiwa, keti.» Akajibu, «Wanawake wangu wanazaa wakiwa njiani, Mwenyekiti. Mimi kiti cha nini?» Watu wakacheka. Saa nne asubuhi hiyo. Saa sita hawakucheka tena. Saa nane tulikwenda kula, tuliporudi yuko palepale, kashika meza kwa vidole viwili. Saa kumi Mwenyekiti akasema, jamani, ongezeni ajenda ya kumi na mbili, huyu mama atatufia humu. Ikapita bila kupingwa. Mimi nikaandika jina lake. Jioni nikaambiwa, kijana, usiandike hivyo, utaliaibisha baraza. Nikachapa upya.

Usiniangalie hivyo. Nilikuwa na miezi miwili kazini.


8.

MUHTASARI, ukurasa wa tisa, mstari wa mwisho:

«Ilionekana kuwa mjumbe mmoja hakuketi.»


9.

Ujumbe kwenye simu yangu, Jumamosi mchana, kutoka kwa diwani wa sasa wa kata yetu:

Binti Mgimba habari za majukumu. Nasikia unaweka watu kwenye intaneti. Na mimi niweke. Nimeambatanisha picha 4, chagua ile ya suti ya bluu. Andika: mchapakazi, mcha Mungu, mpenda maendeleo, baba wa watoto 5.

Nilimjibu, kwa woga, kwamba wanahitaji kitu alichokifanya, na mtu mwingine awe amekiandika.

Ikapita karibu saa nzima. Halafu:

Kama sijakifanya bado?

Halafu:

Basi acha nafasi. Nitafanya.

Nilicheka peke yangu, kisha nikamwonea huruma, kisha nikaelewa kwa nini Mwalimu Shekue anafuta.


10.

Majadiliano. Siku ya sita.

MAONI. Naambatanisha muhtasari wa baraza, ukurasa wa tisa. Mjumbe ambaye hakuketi ndiye yeye. Aliyeuandika amenithibitishia kwa mdomo: alisimama tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi. – Ukungu

MAONI. Nimeusoma mara tatu. Ni sentensi nzuri kuliko nyingi tulizonazo humu. Lakini haina jina, na mdomo si chanzo. – Mwalimu Shekue

BAKI. Nabadilisha kura yangu. Saa sita nzima amesimama! Mimi foleni ya benki tu nakaa chini. – Mtu wa Mbuyuni

MAONI. Ukungu, ndugu yangu, mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, huku Lushoto. Makala ya kwanza niliyowahi kuifuta niliiandika mwenyewe. Ilimhusu mwalimu aliyenifundisha kusoma. Hakuwa na chanzo ila mimi. Nilipoifuta nilikaa siku mbili sijafungua kompyuta, ndipo nikagundua kwamba sikuwa nimeandika makala, nilikuwa nimeandika barua, na mwenye barua alikwishafariki. Hujajibu swali langu. Sikusukumi. Mhusika wako yu hai? – Mwalimu Shekue


11.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo nilikuwa nimekwenda tena Ihangala. Nyumba ya kusubiria ina vyumba viwili, vitanda vinane, jiko la nje. Wanawake watatu walikuwa wanamenya viazi wakibishana ni nani atatangulia. «Mimi leo,» alisema mmoja. «Umesema hivyo tangu Jumanne,» akajibiwa.

Muuguzi alinifungulia kabati. Daftari la kwanza kabisa limeliwa na mchwa pembeni. Sikupiga picha, majina ya wajawazito si ya mtandaoni. Mistari mitatu nakuachia bila majina.

11. Siku tisa. Aliondoka na mtoto wa kiume.
12. Siku ishirini na moja. Aliondoka na mapacha.
13. Siku mbili. Aliondoka na mtoto wa kiume.

Wa kumi na nne nina ruhusa yake, nilimpigia simu nikiwa nimesimama pale pale.

14. Matilda Mgimba. Siku kumi na saba. Aliondoka na mtoto wa kike. Maelezo: uzazi wa pili. Wa kwanza alifia

njiani.

«Mama, kwamba nilizaliwa hapa nilijua. Huyu wa kwanza hukuwahi kuniambia.»

«Ningekuambiaje? Ulikuja, ukalia, tukashukuru Mungu. Mama Diwani alipita siku moja na sukari, nikaona haya hata kumtazama. Nikasema nitamshukuru siku nyingine.»

Miaka ishirini na mitano ni siku nyingine.


12.

(Jibu la Ukungu kwa swali la Mwalimu Shekue, limeandikwa kwenye simu, halijatumwa)

Yu hai. Anakaa nyuma ya


13.

Jumapili, siku ya saba. Nyuma ya kanisa, nyumba ya bati la kijani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua viazi vya mbegu juu ya meza fupi, miguu imevimba, ameinyoosha juu ya gunia.

«Shikamoo, Mheshimiwa.»

«Marahaba. Mheshimiwa yuko halmashauri, mwanangu. Hapa yuko bibi wa viazi. Umetumwa na nani? Kama ni fomu, miwani imevunjika.»

«Sijatumwa.»

«Ehe?»

Nikamwonyesha simu. Nikamsomea aya zote nne. Sauti ilikuwa inanikimbia kila mwisho wa sentensi, akawa ananirudisha: «Sema, sema, huku nje hakuna mtu.»

«Hiki ni kitu gani?»

«Ni kitabu cha mtandaoni. Kinasomwa dunia nzima.»

«Na mimi nimo?»

«Mpaka leo jioni.»

«Jioni wananitoa?»

«Wanajadiliana.»

Akacheka mpaka kiazi kikamponyoka. «Kumbe ni kama udiwani!»

Kisha akanitazama vizuri, kwa muda, nadhani kama alivyomtazama yule Mwenyekiti.

«Sasa unataka nini kwangu? Nisimame tena? Miguu ndiyo hii.»

«Hapana.»

«Wameniuliza wangapi nilisimamaje. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nyumba bado ina watu.»

«Ina watu. Jana walikuwa watatu.»

«Watatu.» Akalirudia kama mtu anayeonja chumvi. «Haya, vuta kigoda. Keti.»

Simu ililia mkononi mwangu: ujumbe mpya kwenye majadiliano. Mwalimu Shekue. Sikuifungua.

«Keti, mwanangu, utachoka.»

«Acha nisimame, Mama.»

Mikono yangu haikuwa na mahali pa kwenda, nikaishika meza yake ya viazi kwa vidole

viwili.

«Mama yangu ni Matilda Mgimba. Alilala kwenye nyumba yako siku kumi na saba. Mtoto aliyeondoka naye ni mimi. Sijui kama unafaa kuwa kwenye kile kitabu, wao ndio wanajua. Mimi aya zote nne nilikuwa nataka kusema asante.»