Siku Uliyoomba, Si Siku Uliyoumia

Delmer Sayre aliapa kwamba Ijumaa ile hatoki kwenye jumba la askari wa zamani mpaka Wilma Jean Cottrill apige simu. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Oktoba. Jikoni mpishi, Roscoe, alikuwa anakaanga samaki kama kila Ijumaa, na Wilma Jean mwenyewe alikuwa kwenye meza yake ya pembeni, anakohoa. Kikohozi kile watu wa mji wao mdogo, huko kwenye milima ya West Virginia, walishakizoea hata hawakisikii tena. Delmer hakukizoea. Kilimkosesha raha hata akiwa nyumbani kwake.

Kwenye meza ile Wilma Jean alikuwa amekaa miaka mingi bila kulipwa hata senti, akiwasaidia askari wa zamani kudai fidia ya ulemavu. Na jambo la kwanza alilowaambia wote, kabla hawajavuta kiti, lilikuwa hili: serikali hailipi tangu siku uliyoumia, inalipa tangu siku uliyoomba. Labda uwe umeomba kabla mwaka haujaisha tangu uvue gwanda. Vinginevyo, ukiumia kijana na ukaomba uzeeni, miaka ya katikati imekwenda na maji.

Ndiyo maana alikuwa na mtindo wake, aliouita kupiga kigingi. Kuijulisha tu ofisi ya serikali ya fidia kwamba unakusudia kudai, kwa karatasi au kwa simu, kunatosha kuishikilia tarehe yako mwaka mzima, huku wewe unahangaika na vyeti vya madaktari. Wilma Jean alipiga vigingi kwa kinyozi, akavipiga kwenye kituo cha mafuta, na safari moja akampigia mtu kigingi msibani, sahani ya maharage mkononi. Watu walimcheka, kisha wakaleta ndugu zao.

Delmer alikuwa mmoja wa aliowaokoa, na hakuona haya kulisema. Masikio yake yalikufa Vietnam, pembeni ya mizinga. Alipoomba mara ya kwanza alikataliwa, akaisokomeza barua kwenye jiko la kuni na kutangaza kwamba ataanza upya akijisikia.

"Ukianza upya, na tarehe inaanza upya, bwege wewe!" Wilma Jean alimfokea siku hiyo, tena mbele za watu. "Una mwaka wa kuwajibu tangu walipokukataa. Haujaisha. Vaa koti."

Akampakia kwenye gari lake, theluji inadondoka, wakavuka mlima hadi kwa daktari wa masikio. Alikaa pale mpaka daktari akaandika kwamba uziwi ule ni wa mizinga. Dai likakubaliwa, na kwa kuwa walijibu ndani ya mwaka, tarehe ikabaki ileile ya siku Delmer alipoomba kwanza. Malimbikizo yakaingia kwa mkupuo. Delmer akaezeka nyumba, na akalia kwenye maegesho ya benki, mzee mzima. Tangu hapo aliamini hakuna mtu katika milima ile mwenye moyo kama wa mwanamke yule.

Sasa mwanamke yule alikuwa anajimaliza. Mwaka 1991 aliendesha malori ya mafuta Kuwait wakati visima vya mafuta vinawaka, mchana umekuwa usiku, na kwa majuma mazima alitema makohozi meusi. Sheria mpya inautambua moshi ule kuwa chanzo cha maradhi, na yeye ndiye aliyewaeleza wenzake sheria hiyo. Wenzake wakaomba, wakapata. Yeye hakuomba. Kiangazi kile kifua kilimshinda akaacha kazi ya jikoni shuleni, na Delmer alijua kwamba nyumbani kwake hita haiwashwi ila wageni wakija. Tena malipo huanza mwezi unaofuata ule wa kuomba. Akiomba leo, Novemba yote ni yake. Akingoja mpaka Jumatatu, Novemba itakuwa imeshaingia, na malipo yake yameshapotea.

Delmer akavuta kiti mbele yake.

"Sajini, naomba nikuletee kazi."

"Lete, kuruta." Kwa umri Delmer alikuwa amempita sana, ila kwa cheo Wilma Jean alikuwa juu yake, na hakumwacha asahau.

"Kuna askari mmoja. Mapafu yamekwisha. Alikuwa Kuwait, kwenye visima. Hajawahi kuomba hata siku moja."

"Hata siku moja?" Wilma Jean akaruka. "Miaka yote hii? Mpumbavu gani huyo? Yuko wapi? Mlete hapa nimpigie kigingi kabla ofisi haijafunga!"

"Yupo hapa hapa."

Wilma Jean akageuza kichwa kuangalia meza za nyuma. Kisha akakirudisha taratibu, na uso ukabadilika.

"Delmer. Nenda kale samaki."

"Siendi."

"Mimi sikupigana. Niliendesha lori tu."

"Na vifaru vilikunywa nini, supu?"

Jikoni Roscoe akacheka kwa sauti, akajifanya anakohoa. Wilma Jean akamtupia jicho.

"Kuna waliorudi kwenye masanduku, Delmer. Kuna Dewey Casto, hana miguu yote miwili. Nikachote fungu lao mimi, kwa kikohozi?"

"Ebo! Mimi nilikwambia maneno hayohayo ya Dewey, umesahau? Ukaniuliza, wewe ukibaki kiziwi, Dewey ataota miguu? Ukaniambia hakuna chungu kimoja cha kugawana, kwamba haki yangu haipunguzi ya mtu. Ulikuwa unanidanganya?"

"Sikukudanganya."

"Basi mwongo ni nani hapa?"

Wilma Jean akapanga kalamu zake, akazipangua. "Watu watasema nimekaa kwenye meza hii nijinufaishe."

"Nani?" Roscoe akatoa kichwa kwenye dirisha la jikoni, mwiko mkononi. "Nitajie jina lake, mama. Moja tu."

Wilma Jean alitaka kucheka, kikohozi kikamwahi. Kilimchukua muda mrefu. Delmer alingoja mpaka akapata pumzi, na alipoanza kusema hakuwa na utani tena.

"Nakupenda kama dada yangu, na wewe unajua. Tarehe yangu uliipigania kwenye theluji. Yako unaitupa kila mwezi, na mimi nakaa hapa nakula samaki nikikuangalia unaitupa. Nataka upate dawa. Nataka uwashe hita hata ukiwa peke yako. Siwezi kuangalia tena, Wilma Jean. Nimechoka."

Machoni mwa Wilma Jean mlikuwa na hasira, kisha hasira ikaondoka na kuacha uchovu. Akavuta simu yake iliyokuwa mezani. Namba ile hakuhitaji kuitafuta, vidole viliijua. Akaiweka kwenye kipaza sauti, kama alivyofanya kila mara, kwa ajili ya wateja wake wasiosikia vizuri.

Muziki wa kungojea ukapiga weee. Kwenye meza za karibu watu wakajifanya wanatoa miba kwenye samaki asiye na miba. Hatimaye ikaitika sauti ya kijana mmoja, mpole, wa mbali.

"Habari ya mchana, nikusaidie nini?"

"Napiga kuhusu dai la fidia," Wilma Jean akasema kwa ile sauti yake ya kazi. "Kuna anayekusudia kudai. Tunataka tarehe ya leo iandikwe."

"Vizuri sana, mama. Unapiga kwa niaba ya mumeo?"

"Sina mume."

"Samahani. Basi askari mwenyewe yupo hapo karibu? Lazima nimsikie kwa sauti yake."

"Yupo," Wilma Jean akasema, na mkono ukanyanyua simu, ukaisogeza kwa Delmer. Ndivyo alivyofanya mara zote. Mamia ya wanaume walishaipokea simu ile mkononi mwake, wakataja majina yao, naye akarudi nyuma kuwapisha.

Delmer akaitia mikono yake yote miwili mifukoni.

Simu ikabaki hewani kati yao. Wilma Jean akaiangalia, akamwangalia Delmer, na Delmer akaona kwamba mwenyewe amegundua alichokuwa anakifanya.

"Halo?" ikasema sauti. "Naweza kuongea na askari, tafadhali?"

Akairudisha simu kifuani kwake, kisha mdomoni.

"Unaongea naye," akasema. "Askari ni mimi."

Kijana akaomba radhi, akamwuliza jina. Akalitaja lote, polepole, na kabla ya jina akatanguliza cheo, ingawa cheo hakuulizwa.