Mara Tisa Vienna

Mwaka ule wa 2016, mtu wa Dubai aliyetaka kwenda kutembea Vienna alikuwa na njia mbili. Ama ahangaike peke yake na mtandao mpaka macho yamtoke, ama aende Oud Metha, ghorofa ya pili, juu ya kliniki ya meno, akamwone Loise. Wenye akili zao walikwenda kwa Loise.

Loise alikuwa mwenyeji wa Nyahururu, lakini Vienna aliijua kuliko kanisa alilobatiziwa. Alikueleza kwamba ukitua usibabaike na ile treni ya kijani ya wenye haraka zao. Panda ya kawaida, dakika ishirini na tano umefika katikati ya mji. Alikukumbusha kugonga tiketi muhuri kabla ya kupanda, maana wakaguzi wa kule hawaangalii suti ya mtu. Alikueleza kuwa tramu namba moja na namba mbili zinagawana ile barabara ya duara, kwa hiyo ushuke Schwedenplatz ubadilishe, usije ukajikuta nje ya mji unatazamana na kuku. Haya yote aliyasema akiwa amefumba macho kidogo, na kila mara akiyaanza kwa maneno yaleyale: "Mimi nilipokuwa Vienna..."

Vienna yenyewe hakuwahi kuiona. Alikuwa ameona Nairobi, Dubai, na Abu Dhabi mara moja, kwa semina.

Mwenye kosa, kama ni kosa, alikuwa Fawaz, mwenye ofisi ile ya safari. Fawaz alizaliwa Unguja, akalelewa Deira, na ya dunia alikuwa ameyajua mapema. Siku ya kwanza ya kazi alimwita Loise mezani kwake. "Binti yangu, ukimwambia mteja umesoma kitabuni, atakwenda kununua kitabu. Mwambie umekwenda." Loise, mwanakwaya, alisema uongo wa kwanza kwa shida, wa pili kwa aibu, na wa tatu akautia viungo. Kufikia mwaka wa sita alikuwa amekwenda Vienna mara tisa, na kila safari ilikuwa na hali yake ya hewa.

Lakini dhamiri haina likizo. Kila Ijumaa kanisani, maana Dubai hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya mapumziko, wakifika kwenye sala ya toba, Loise alikuwa akitaja dhambi zake zote na kuiruka ile moja, kwa sababu Jumapili angeirudia akiwa kazini. Mwisho akachoka. Akaamua atakwenda, siku tano tu. Akirudi, maneno yake yatakuwa kweli, walau kuanzia hapo. Hakuitaka Vienna kwa ajili ya makasri wala keki. Aliitaka ili aache kuwa mwongo.

"Wee mwenzangu," alisema Rukiya, Mmombasa waliyekuwa wakikaa naye chumba kimoja Satwa, "watu huenda Makka kutubu. Wewe waenda kwa Wazungu?"

Loise hakumjali. Akaanza kupanga faili lake la viza, na lilikuwa faili la kupendeza. Huyu ndiye aliyekuwa akiwarudisha wateja wakapige picha upya kwa kuwa sikio moja limejificha. Ikabaki barua ya mwajiri, ile ya kusema ofisi haina pingamizi na mfanyakazi atarudi kazini. Barua za ofisi ile zote aliandika yeye, na Fawaz kazi yake ilikuwa kutia sahihi. Akaiandika kwa dakika tatu, vidole vikitembea kwa mazoea: jina, cheo, mshahara, kisha yale maneno aliyoyaweka kwenye kila tangazo kwa miaka sita, kwamba huyu ni mtaalamu wetu wa Vienna, mji alioutembelea mara tisa. Fawaz akasaini bila kusoma. Mganga hajigangi.

Wiki mbili baada ya kupeleka faili ubalozini, simu ililia ofisini. Mbele ya Loise walikuwa wameketi Joachim, mhasibu Mtanzania wa Jumeirah Village Circle, na mkewe Dorah, aliyekuwa akiandika kila kitu kwenye daftari. Maelezo yalikuwa yamefika kwenye treni ya kijani.

Mpigaji alikuwa mama wa ubalozini, mwenye sauti ya upole. Alisema barua inaonyesha Loise amefika Vienna mara tisa, ila pasipoti yake haina viza hata moja ya Ulaya. Je, lipi ni la kweli?

Loise alimtazama Joachim. Joachim alimtazama yeye, macho yamejaa imani. Kwenye meza ya pembeni, Fawaz aliacha kutafuna tende.

Lilihitajika neno moja tu: sijawahi. Huenda yule mama angecheka, akamwambia alete barua nyingine. Lakini neno hilo lingetoka mbele ya watu watatu, na mmoja wao ana daftari. Ulimi wa Loise, uliozoeshwa miaka sita, haukumsubiri mwenyewe.

"Nilienda na pasipoti ya zamani."

"Vizuri. Tutumie nakala yake kabla ya Alhamisi."

Pasipoti ile iliyokuwa ubalozini ndiyo ilikuwa yake ya kwanza tangu azaliwe. "Inshallah," akajibu, akakata simu, akawageukia wateja. "Samahani. Nilikuwa wapi?"

"Kwenye treni," alisema Dorah.

Alhamisi ikapita. Jumatatu pasipoti ilirudi na karatasi yenye visanduku, kimoja kimetiwa alama: maelezo ya mwombaji hayaaminiki. Loise aliisoma mara mbili, akaikunja akaitia mkobani.

"Pole, shoga," Rukiya alimwambia jioni ile. "Wasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yako imezidi. Haikufika hata uwanja wa ndege."

"Aki Rukiya, niache."

Fawaz alimwambia khalas, hayo yamekwisha, na wateja hawana haja ya kuyajua.

Joachim na Dorah walipata viza zao bila taabu. Mwezi wa tisa walirudi ofisini na kasha la chokoleti, wakati wateja wawili wengine wakisubiri kwenye kochi.

"Kila ulichosema, dada Loise!" Joachim alipaza sauti ili kochi lisikie. "Treni, tramu, kila kitu! Halafu kuna mama anauza mikate karibu na hoteli yetu. Nikamwambia sisi tumeelekezwa na Loise wa Dubai. Weee! Akaacha mikate yake. 'Loise! Namkumbuka sana!' Amekusalimu."

Dorah aliinamisha kichwa, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambao ulikuwa wazi na mtupu.

"Anauliza utarudi lini," Joachim akamalizia.

Wale wawili wa kwenye kochi walimgeukia Loise kwa heshima.

"Mwakani," alisema, "Mungu akijalia."

Kisha akaomba radhi, akaingia chooni, akafungulia bomba ili asisikike, akalia, maana katika Vienna nzima mtu pekee aliyekuwa akimngoja, yule mama wa mikate, hakuwahi kuwepo.