Benchi la Mbele

Arzella Tarpley alikuwa akikamua shuka za Wazungu wa mjini, vidole vimevimba kwa baridi yabisi, Mchungaji Pettway alipoingia uani na kijana wa Kizungu aliyebeba mashine ya kurekodi.

"Mama Arzella, huyu katoka New York. Amekutafuta Mississippi nzima."

Kijana akavua kofia. "Bibi Tarpley, naitwa Whitcomb. Ninayo santuri yako ya mwaka 1930. Nilidhani umekufa."

"Hata mimi siku nyingine nadhani hivyo."

Hakuna Mzungu aliyewahi kumwita Bibi Tarpley. Hata watoto wao walimwita Arzella tu. Akamfutia kiti kwa aproni.

Whitcomb akapiga santuri. Katikati ya mikwaruzo ikatoka sauti ya msichana akimwimbia mwanamume na chupa ya wiski. Arzella akainamisha uso. Nyimbo hizo za bluzi aliziacha siku aliyobatizwa mtoni. Sasa alikuwa mama wa kanisa, mwenye gauni jeupe na nafasi benchi la mbele. Benchi hilo ndilo lililomletea supu alipougua, na ndilo litakalomzika.

"Nitakuimbia za kanisa," alisema.

"Za kanisa ninazo nyingi. Wimbo huu mmoja tu, Bibi Tarpley, kwa masikio yangu. Sitautoa hadharani."

Arzella akamtazama mchungaji wake.

"Imba, Mama. Mungu anaujua moyo wako, na mimi ni shahidi wa ahadi ya kijana huyu."

Akaimba. Sauti ilikuwa imezeeka, lakini haikuwa imesahau kitu. Whitcomb alilia bila kujificha. Mashine ilikuwa ikizunguka.

Pamba ilipoanza kufunguka, wimbo ule ulikuwa ukisikika kwenye redio ya kinyozi. Jumapili ya kwanza ya mwezi Arzella alifika kanisani na gauni lake jeupe. Shemasi Lucius akamzuia kwa mkono.

"Nyuma, Dada Arzella."

"Dada? Tangu lini?"

"Tangu redio ianze kutuimbia wiski. Au yule ni pacha wako?"

Wanawake wakaziba vinywa wakicheka. Arzella akampita, akaenda hadi mimbarani.

"Mchungaji, waambie ulikuwepo."

Pettway akapangusa miwani yake polepole. "Dada Arzella, ukilitaka benchi lako, ungama mbele ya watu. Ndiyo desturi yetu, sikuianzisha mimi."

"Waambie yule kijana aliahidi nini."

"Geuka uwatazame, uungame."

Akageuka. Pembeni, mahali pa piano kuukuu, kilikuwepo kinanda kipya kinachong'aa, na juu yake kibao cha shaba: ZAWADI YA BWANA WHITCOMB. Mke wa mchungaji alikuwa ameketi mbele yake, tayari kupiga. Akamtazama Arzella kwa upole, akabonyeza sauti ya kumwanzishia wimbo wa toba.

"Nishushe sauti kidogo, Dada?" akauliza. "Au hapo utafika?"